Tanuri la Smaro na Mkandarasi Mwenye Njaa

Siku hizi yuvetsi inauzwa dukani ndani ya visahani vya bati jepesi, nyama upande huu na tambi upande ule, kama mke na mume waliogombana. Tambi zimechemshwa peke yake kwa maji ya chumvi. Nyama imepikwa juzi. Mchuzi umemwagwa juu ili kufunika aibu. Vijana wanakula kwa uma wa plastiki na kuniambia, mzee, ni ile ile tu. Sibishani nao. Mtu aliyezaliwa chumba chenye giza huwezi kumfundisha jua kwa maneno.

Waliotunga historia ya mji wetu wa Volos wana sura nzima juu ya viwanda na bandari, na picha za waheshimiwa wenye masharubu. Juu ya matanuri yaliyokuwa nyuani mwetu, kule Nea Ionia, mtaa wa wakimbizi, hawana hata mstari. Najua, kwa sababu nimevisoma vitabu hivyo vyote. Kwa hiyo nitaandika mimi, juu ya tanuri moja na mwenyewe, Smaro, mfumaji.

Nyumba zetu zilijengwa mbili mbili kwa ukuta mmoja. Ukuta wangu ndio uliokuwa wake. Akikohoa nilijua, nikigombana na marehemu mke wangu alijua, na asubuhi yake alikuwa akiniambia nani kati yetu alikuwa na haki. Aliletwa kutoka ng'ambo, Asia Ndogo, mwaka ule wa moto na meli, watu wetu walipofukuzwa kule, akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Mama yake alipopewa kile kipande cha ardhi alijenga tanuri uani kabla nyumba haijatiwa mlango. Alilijenga kwa udongo, majani makavu na vigae vilivyovunjika, akisema kwamba watu wanaweza kulala bila mlango lakini hawawezi kukaa bila mkate.

Smaro aliingia kiwanda cha nguo akiwa bado na nywele za kusuka, akatoka ana mvi. Kelele za mitambo zilimla sikio moja, ndiyo maana maisha yake yote alizungumza kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Aligoma wafumaji walipogoma, akafukuzwa, akarudishwa kwa kuwa hakuna aliyeweza kuunga uzi uliokatika haraka kama yeye. Aliolewa na Thrasos, mchukuzi wa bandarini, mtu mpole mwenye kifua kibovu, aliyemwachia mtoto mmoja wa kiume na madeni ya dawa. Mtoto huyo, Pandelis, alisomeshwa na ule mtambo wa kufumia. Akawa karani wa benki, mwenye tai.

Mwaka wa hamsini na tano, matetemeko yalipouangusha mji, ukuta wetu wa pamoja ulilala chini. Tanuri lilipata ufa tu. Smaro aliuziba ufa kwa udongo na majivu, na mtaa mzima uliokuwa ukiishi mahemani ulileta kwake vyungu na masufuria. Tangu hapo ikawa desturi. Kila Jumapili wanawake walipita na vyungu vyao kabla ya kwenda kanisani, wakaviacha, wakavichukua baada ya misa. Yeye hakwenda misa. Alisema Mungu akimtaka anajua moshi unatokea wapi.

Sasa nieleze alivyopika, maana bila hilo yaliyofuata hayataeleweka.

Chakula hicho kimechukua jina la chungu chake, yuvetsi, chungu kipana cha udongo. Smaro alitumia nyama ya ng'ombe ya shingo na ya muundi, pamoja na mfupa. Aliikaanga kwanza kwa mafuta ya zeituni mpaka ikashika rangi pande zote, wala hakuigeuza geuza kama wafanyavyo wenye haraka. Vitunguu vikafuata, kisha divai nyekundu, nyanya alizozikwaruza kwa mkono, kijiti cha mdalasini, na bizari kidogo ya kule kwao ng'ambo, ambayo wenyeji wa Volos walikuwa wakiicheka. Halafu chungu kiliingia tanurini, juu ya makaa ya matawi ya mzabibu, mlango wa bati ukafungwa. Tanuri lilikuwa tayari dari lake lilipogeuka kutoka jeusi kuwa jeupe. Hakuwa na kipimo kingine.

Mwisho kabisa ndipo zilipoingia kritharaki, tambi ndogo zenye umbo la punje ya shayiri. Huzitii mapema. Zinakunywa mchuzi upesi, na zikiachwa kidogo tu zinavimba na kuwa uji. Kwa hiyo kwetu mama wa nyumba alihesabu watu kwanza. Aliona nani ameketi, nani anavua koti, nani bado yuko njiani, ndipo akatupa kritharaki na kumwagia maji ya moto. Kutupa kritharaki kulikuwa sawa na kusema: hawa ndio watu wangu wa leo, mlango umefungwa. Baada ya hapo kila aliyehesabiwa alikula.

Na kulikuwa na jambo jingine walilokuja nalo wazee kutoka ng'ambo. Mtu aliyekula chunguni mwako, mezani pako, ombi lake halikataliwi siku hiyo. Ndivyo walivyochumbia, ndivyo walivyopatana mashamba. Mwenye haya hakuomba kitu kikubwa mezani, na mwenye akili hakumlisha mtu ambaye hakutaka kumpa. Leo mkiniambia ni ushamba, nitawauliza mikataba yenu ya kurasa hamsini imewafikisha wapi.

Basi, miaka ya sabini wakandarasi wakaingia mtaani kwetu. Mpango wao ulikuwa mwepesi kueleweka: unampa mkandarasi nyumba yako na kiwanja, anaibomoa, anajenga ghorofa, nawe anakupa nyumba moja au mbili humo ndani, zilizobaki anauza. Watu waliupokea kama sikukuu. Nyumba zilizojengwa kwa machozi ziliangushwa asubuhi moja, na wenyewe walisimama pembeni wakila karanga. Mkandarasi wetu aliitwa Fotis, mtoto wa wakimbizi kama sisi, mtu mnene mchangamfu, aliyevaa saa kubwa na kumwita kila mwanamke mama. Alishapata ahadi za majirani wa kulia wote. Alikwama kwa Smaro. Nyumba yake ilikuwa kwenye kona, na bila kona ghorofa lake lingekuwa jembamba kama kabati. Kwangu hata hakubisha hodi. Alijua bila ua wa Smaro wangu haumfai.

Smaro alimkatalia. Akaja tena, akamkatalia tena, mara ya mwisho akiwa juu ya ngazi anapaka chokaa, bila kushuka.

Aliyetaka hasa alikuwa Pandelis. Simlaumu sana, ingawa nilimlaumu wakati ule. Alikuwa na binti aliyekaribia kuolewa, aliyepewa jina la bibi yake, na siku hizo mchumba mwenye kazi nzuri aliuliza kwanza nyumba ya mahari, ambayo kwetu hutolewa na baba wa binti, ipo ghorofa ya ngapi. Mshahara wa karani usingenunua hata ngazi. Kiwanja cha mama kingetoa nyumba mbili: moja ya binti, moja ya mama mwenyewe, yenye joto la mabomba na jiko la umeme. Pandelis aliona anamwokoa mama yake na baridi na masizi. Alishampa Fotis neno lake. Kilichobaki ni ndiyo ya mwanamke mmoja, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikitafutwa Jumapili ile ya vuli.

Kila Jumapili Pandelis alikuja na mkewe Urania kula kwa mama. Siku hiyo waliingia uani wakiwa na mtu wa tatu nyuma yao, ana boksi la keki limefungwa utepe. Nilikuwa juu ya paa langu nikibadilisha kigae, kwa hiyo niliona na kusikia yote, na baadaye nilishuka nikawemo.

Smaro alimtazama Fotis, akamtazama mwanawe, akaelewa. Mgeni aliyekwisha kuvuka kizingiti hafukuzwi. Alimkaribisha kiti. Akamletea maji ya baridi, kahawa, na kijiko cha tunda lililochemshwa katika sukari, ambavyo kwetu anapewa hata mkusanya kodi na havimfungi mtu kwa lolote. Keki akaziweka dirishani, utepe wake haukufunguliwa.

Fotis alijua mchezo. Mama yake alikuwa wa kule kule ng'ambo. Hakusema neno juu ya kiwanja. Alisifu mzabibu, alisifu chokaa, akanusa hewa na kufumba macho. Nyama ilikuwa tanurini tangu asubuhi, na harufu ya mdalasini ilikuwa imenifikia mimi huko juu na kunifanya nipige nyundo kidole.

Wakakaa. Majirani walipita kuchukua vyungu vyao, wakasalimu, wakaona kuna jambo, wakaondoka wakitembea polepole. Misa ilishakwisha. Jua likahama kutoka ukuta huu hadi ule. Mezani kulikuwa na sahani, mkate, zeituni, na hakuna chakula.

Pandelis alikuwa wa kwanza kuuliza kama nyama bado haijaiva.

"Nyama imeiva zamani," Smaro alisema kwa sauti yake ya ng'ambo ya mto. "Kritharaki ndizo sijatupa."

"Sasa unangoja nini, mama? Watu tumetimia."

"Nangoja wapungue."

Kule juu ya paa nilijifanya nakohoa. Urania akawa mwekundu hadi masikioni. Fotis alicheka, tena kwa furaha ya kweli, kama mtu aliyeonyeshwa karata nzuri.

"Mama Smaro, mimi ni mtu wa subira," alisema. "Nimesubiri vibali vya serikali hadi nikaota mvi. Nitashindwa na chungu?"

"Subiri, mwanangu. Kiti ni cha bure. Ila usiegemee sana, mguu wake mmoja ni mgonjwa."

Ikawa hivyo, yeye hamfukuzi na hamlishi, naye haondoki. Fotis alikula zeituni moja moja, akazungumza juu ya mama yake. Alisema naye alikuwa akipika hivi hivi, na bizari ile ile. Smaro, ambaye mpaka hapo alikuwa akijibu bila kumwangalia, alimgeukia.

"Bado yu hai mama yako?"

"Yu hai. Nimemweka ghorofa ya nne, pana kila kitu."

"Anapikia wapi?"

"Hapiki tena. Analetewa."

"Na kutwa anafanya nini?"

Fotis alitema kokwa ya zeituni kiganjani, akaitazama. "Anakaa verandani," alisema. "Anatazama chini."

Nadhani pale Smaro angeweza kumhurumia, na huenda alimhurumia. Lakini alisimama, akaenda kuchukua maji ya kumwagilia mirihani yake, akampa mgongo. Moyo wake ulikuwa laini kama wa mtu yeyote. Alikuwa tu amejifunza mitamboni kwamba uzi ukilegea kidogo nguo yote inaharibika.

Ilikuwa wakati huo, yeye yuko kwenye bomba, sikio lake bovu limeelekea tanuri, ndipo Urania aliponyanyuka. Sitasema alikuwa mwanamke mbaya. Alikuwa amelelewa kwamba mgeni kukaa na njaa ni fedheha ya nyumba nzima, na fedheha ilikuwa ikimchoma tangu adhuhuri. Alikwenda moja kwa moja tanurini, akaondoa mlango wa bati, akachukua bakuli la kritharaki lililokuwa kando na kulimimina lote chunguni. Kisha akarudi mezani, akaketi, akaipanga mikono yake mapajani.

Smaro alirudi akauona mlango wa bati umeegeshwa vibaya. Alichungulia. Kritharaki zilikuwa zimeingia kavu, bila maji, zimelala juu ya mchuzi kama mvua ya mawe. Halafu akachukua birika lililokuwa likichemka, akamwagia maji ya moto, akakoroga mara moja kwa kijiko kirefu, akafunga. Mpishi wa kweli haachi chakula kiharibike kwa sababu ya hasira, hata kama chakula hicho ndicho kitakachomponza.

Mezani, Fotis alivuta kiti karibu na kupachika kitambaa shingoni. Pandelis alipumua kwa sauti. Wote walijua maana yake. Kritharaki zimeshatupwa, waliomo wamehesabiwa, mgeni atakula. Na akishakula ataomba, kwa upole, kama mtoto, na Smaro wa Thrasos, binti wa mama yake, hatakuwa na mdomo wa kumkatalia. Nyumba ilikuwa imekwenda. Nami, niseme tu, niliona na yangu ikienda nyuma yake.

Tulingoja. Ndani ya tanuri kukaanza kusikika ule mchemko mzito unaoonyesha kwamba mchuzi unanywewa. Smaro alikwaruza jibini ya kondoo, ngumu kama jiwe, akaitandaza juu, akafunga tena hadi ilipoyeyuka. Kisha akaita bila kuinua kichwa.

"Zisis, shuka huko juu, kigae hicho umekigonga tangu asubuhi. Nifungulie lango. Lote."

Nilishuka kwa ngazi kama kijana. Nilifungua lango pande zote mbili. Smaro alikunja magunia mawili mikononi, akakivuta chungu kutoka tanurini, kinafuka, kingo zake nyeusi, akakinyanyua mpaka tumboni mwake. Kilikuwa kizito, magoti yalimpinda. Pandelis aliruka kumsaidia, akidhani kinakuja mezani.

"Pisha," alimwambia.

Akapita kando ya meza. Akapita kando ya Fotis mwenye kitambaa shingoni. Akatoka langoni, akashuka ukingo wa barabara, akaenda mpaka katikati ambapo maji ya mvua hupita, akakitua chungu juu ya kigoda nilichokuwa nimemtupia kwa haraka. Gari la maziwa lilikuwa linakuja. Likasimama. Dereva alitoa kichwa kutukana, akanusa, akazima injini.

"Haya, wenye njaa," Smaro aliita, na kwa mara moja ile sauti ya kiwandani ilikuwa na kazi ya kufanya. "Leteni sahani."

Walikuja, wale wale waliokuwa wamejifungia nyuma ya mapazia wakisikiliza. Wengine walikuwa na sahani mkononi tayari. Wale wa kulia, waliokwisha kumwahidi Fotis nyumba zao, walisita mlangoni, na wao akawaita kwa majina. Dereva wa maziwa alileta kifuniko cha ndoo.

Sahani ya kwanza alimpakulia Fotis, aliyekuwa ametoka hadi langoni na kitambaa chake. Alimpa muundi wenyewe, wenye uboho ndani, fungu la mgeni wa heshima, na kritharaki zikafurika ukingoni. Akampa kwa mikono miwili.

"Kula, Bwana Fotis, hujala tangu asubuhi. Kritharaki zimeshika ukavu kidogo, utanisamehe, leo nimepikiwa." Hakumtazama Urania aliposema hivyo. "Lakini angalia unaposimama. Hapa si mezani kwangu. Hapa ni barabara ya manispaa. Ukishiba ukawa na ombi, kamwombe meya."

Mtaa mzima ulicheka. Dereva wa maziwa hakuelewa lakini alicheka kuliko wote.

Fotis alisimama na sahani ile. Nilimtazama usoni kwa makini, maana mtu mwingine angeitupa. Alikuwa mjenzi wa masanduku ya kuishi watu, na tangu siku ile sijawahi kumpenda, ila haki yake nimpe: alikuwa amelelewa na mama mmoja wa wale. Alijua ameshindwa kwa sheria ile ile aliyokuja nayo. Akaketi kwenye ukingo wa barabara na suruali yake ya Jumapili, akala. Alinyonya uboho kwa sauti. Akarudisha sahani kwa nyongeza, akapewa. Kiwanja hakukitaja, siku hiyo wala baadaye.

Pandelis hakula. Alimfuata mama yake pale chunguni akiwa mweupe mdomoni, akamwambia kwa sauti ya chini, ambayo kwa sikio lake ilibidi airudie mbele ya watu: "Umemnyima mjukuu wako nyumba. Ukumbuke hilo ukiwa peke yako na udongo wako."

"Nimemnyima kabati," alisema Smaro. "Nyumba ndiyo hii. Nikifa mtafanya mnavyotaka, sitawazuia. Lakini sitakufa kwa kutazama chini."

Alimpakulia sahani yake, akaishika mbele yake. Pandelis alimshika Urania mkono, wakaondoka kwa miguu hadi kituo cha basi. Smaro aliishika ile sahani mpaka walipokata kona. Kisha akaketi juu ya kizingiti chake na kuila yeye mwenyewe, yote, polepole, huku watu wakimwangalia, na alipomaliza akaipangusa kwa mkate.

Miezi ilipita bila mwanawe kutia mguu uani. Alikuwa akimtumia salamu za sikukuu kupitia watu. Smaro naye hakwenda kwake. Kila Jumapili alipika, akala na yeyote aliyekuwepo, mara nyingi mimi.

Ghorofa lilijengwa. Fotis alilikata kwa umbo lisiloeleweka, likaizunguka kona ya Smaro kama mtu anayetafuna akikwepa jino bovu, na kule juu likaotesha veranda. Majirani zangu wa zamani walihamia humo na friji zao, pamoja na wageni wengi wa kutoka vijijini ambao hawakuwa wamewahi kuona tanuri likiwashwa mjini. Na Pandelis, kwa mkopo wa benki yake uliomzeesha, alinunua humo nyumba ya binti. Ghorofa ya pili, ikitazamana na ua wa mama yake. Ndipo ilipoanza habari ya moshi.

Moshi wa Jumapili ulipanda moja kwa moja hadi kwenye nguo zilizoanikwa na mapazia mapya. Wakagonga masufuria kwenye reli za veranda. Wakampigia polisi simu. Polisi alikuja, akapewa kahawa na kijiko cha tunda, akaondoka akisema hakuna sheria aliyoiona inavunjwa. Jumapili iliyofuata Smaro aliwasha tanuri kwa matawi mabichi. Nilimuuliza kama amekosa makavu. Akasema makavu yapo mengi, yanangoja watu wawe na adabu.

Mwishowe wenye nyumba walikutana ngazini na kumchagua mtu wa kwenda kusema naye. Walimchagua mwanawe. Walidhani damu itasaidia.

Alishuka siku ya baridi kali, bila tai, akasimama kwenye lango lile nililolifungua siku ile. Mama yake alikuwa ameinama mbele ya tanuri, akichungulia chungu kama nyama imeiva. Nilikuwa mezani, nikataka kuondoka, akaniashiria nikae.

"Mama," Pandelis alisema. "Watu wanalalamika. Moshi unaingia ndani."

"Moshi ulikuwepo kabla ya madirisha yenu."

"Nimewaambia hivyo hivyo. Wamenituma tu."

Smaro alijinyoosha, mkono kiunoni. Alikuwa amezeeka kwa kipindi kile kuliko miaka yote ya kiwandani, na nadhani mwanawe aliona. Alichukua bakuli la kritharaki, akalishika juu ya mdomo wa chungu.

"Umetumwa, au umekuja?" alimuuliza. "Nataka kujua nihesabu wangapi."

Pandelis aliinua macho kwenye zile veranda. Wote walikuwa wametoka, wamejipanga ghorofa hadi ghorofa, Urania kati yao, wakingoja aseme walilomtuma. Kisha akavua koti, akalitundika kwenye msumari wa baba yake ukutani, akavuta kile kiti chenye mguu mgonjwa na kukikalia akiwapa mgongo.

"Tupa, mama," alisema.

Akatupa.